Nalia kwenye sijda: imani yangu imepungua?

SWALI: Bi Mkubwa, shikamoo. Mwanangu wa kiume amefariki akiwa na mwaka na miezi minane, kwa homa ya siku tatu tu. Hii ni wiki ya saba. Naswali, lakini nikisujudu machozi yanalowesha mswala. Majirani wananiambia ninyamaze, eti kulia ni kupinga kadari. Mume wangu hataki hata jina la mtoto litajwe. Isha anaswali msikitini, akirudi nimeshalala. Je, imani yangu imepungua?
Mama wa Chake Chake

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, tena pole sana.

Machozi yanayotiririka yenyewe hayabatilishi swala, na waliokwambia unapinga kadari wamekosea. Mtume wetu (S.A.W.) alimpakata mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bi Mariya, akiwa anakata roho, hajatimiza hata miaka miwili. Akalia. Abdurrahman bin Auf akastaajabu: hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akajibu kuwa hiyo ni huruma. Jicho linatoka machozi, moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu na kuchana nguo. Na Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Alisema anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Basi nawe mshitakie, hapo hapo kwenye sijda.

Mimi nilizika binti wa miezi 14, hapa Tanga. Khitma ikaisha, wageni wakaondoka, fulana yake ikabaki imeanikwa uani. Siku tisa napita chini ya ile kamba, mkono hauinuki. Chakula hakikuniamsha, wala mgeni hakuniamsha. Iliyoniamsha ni adhana ya alfajiri. Nilikuwa siisubiri kwa hamu, nisikudanganye. Niliinuka kwa sababu swala ni faradhi. Nikishika birika, maji ya baridi yakinigusa uso, nilijua nimeipata siku nyingine. Ndivyo imani ilivyonibeba, mara tano kwa siku. Uchungu haukuondoka, ila haukuniacha nimelala.

Na kulikuwa na bibi mmoja wa jirani. Kila baada ya alasiri alikuja akaketi jamvini, akavuta tasbihi yake, hanihubirii lolote. Siku ya kumi akainuka, akaianua ile fulana, akaikunja mara nne, akaniwekea mapajani. Nikalia mpaka magharibi, naye hakuniambia ninyamaze. Mtafute mtu wa namna hiyo hapo mtaani kwenu. Yupo, mara nyingi ni yule asiyesema sana. Hao wengine waitikie salamu, uendelee na shughuli zako.

Lakini ukiona usingizi umekukimbia kabisa na chakula hakipiti, nenda kituo cha afya. Kutafuta tiba nako ni ibada.

Sasa mumeo. Usimhukumu, mwanangu, huenda analikwepa jina kwa kuwa haliwezi. Mwombe siku moja moja aswali isha nyumbani, yeye mbele, wewe nyuma yake. Baada ya salamu muinue mikono pamoja, mumwombee mtoto kwa jina lake. Na kama sauti itamkatika katikati ya Fatiha, usikohoe wala usimkumbushe aya. Simama tu pale nyuma, umngoje.