Maswali na majibu: Baridi ya ng'ambo bila skii

Juzi nilipanda boda pale Wandegeya, jamaa amevaa jaketi zito la bluu, yale wanayotoa soko la Owino kwenye mivumba (mitumba), na kwenye zipu kulikuwa bado kunaning'inia kakadi kadogo ka plastiki, tiketi ya kupandia lifti za skii, imechorwa mlima. Nikacheka peke yangu mpaka mataa. Yani jaketi limeshaenda skii, mwenyewe theluji anaijua ile ya kwenye friji tu.

Nikakumbuka maswali yenu, yamejaa kwenye simu yangu tangu Oktoba, kila anayeenda kutembelea ndugu kwenye baridi anauliza kitu hicho hicho, lazima niskii, yani niteleze kwenye theluji na mbao mbili miguuni? Si lazima. Mimi kyeyo, vibarua vya ng'ambo, ilinikalisha huko miaka mitatu na skii nilijaribu siku moja. Asubuhi yote niko kwenye kilima cha watoto wa miaka mitano nafundishwa kusimama, mchana nikafundishwa kuanguka, jioni goti limevimba kama fenesi, na pesa ya viatu, ya mwalimu, ya lifti, hairudi. Haya tujibu.

*Dada yangu ameolewa Uswisi, Desemba tunaenda mimi na watoto wawili. Shemeji anataka kutupeleka skii ila mimi naogopa na bei zenyewe nimeona, banange! Nimwambieje bila kumuudhi? (Mama wawili, Ntinda)*

Mwambie shemeji unataka sleji. Hataudhika hata kidogo, Waswisi wenyewe wanaipenda na pengine yeye kakulia hapo. Sleji ni kale kakiti ka mbao kenye vyuma viwili chini, unakaa, unashuka mlima, basi. Wewe unaijua hii kitu tayari. Kama ulikulia kijijini ulishakalia shina la mgomba ukateremka nalo kwenye majani ya mvua mpaka mama akaona gauni limekuwaje nyuma. Ni hiyo hiyo, tofauti tu hapa kuna theluji na njia imetengenezwa.

Kwa watoto ningechagua pale kati ya Preda na Bergün, njia ya kilomita 6, na utamu wake ni kwamba treni ndiyo inakupandisha. Mnashuka na sleji, mnafika chini mmejaa theluji mpaka kwenye masikio, mnaingia kwenye treni na sleji yenu, mnarudi juu, mnashuka tena, mpaka watoto wachoke wao wenyewe. Kuna nyingine Grindelwald, inatoka Faulhorn, kilomita 15, inasemekana hakuna ndefu kuliko hiyo Ulaya, ila hiyo unapanda lifti kwanza alafu unatembea kama masaa mawili na nusu ukivuta sleji kwa kamba. Mwachie shemeji hiyo.

Sasa kuendesha. Ukitaka kwenda kushoto unagusisha mguu wa kushoto chini na kuegemea huko, kulia vivo hivo, kusimama unakanyaga na visigino vyote viwili na kuvuta pua ya sleji juu. Viatu viwe vya meno, siyo raba zile laini. Helmeti kodi, na mtoto mdogo akae mbele yako katikati ya miguu. Usilale kifudifudi kichwa mbele hata ukiona vijana wanafanya, wale meno yao ni yao.

*Nikipata viza ya Januari nibebe nguo gani? Nina jinzi tatu nzito na sweta za pamba. (Arua)*

Jinzi acha Arua. Pamba ikilowa jasho au theluji inakaa na maji, na maji hayo ndiyo yanakugandisha. Karibu na ngozi vaa sufu au zile nguo za spoti zinazokauka haraka, juu yake kitu kinene cha kuhifadhi joto, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo na maji. Vyote hivyo viko Owino, nenda asubuhi wakifungua beli, uliza jaketi za boda. Jaribu zipu mara tatu kabla hujalipa! Na buti nunua namba moja zaidi, kwasababu soksi mbili kwenye kiatu kinachobana ni baridi kuliko soksi moja kwenye kiatu chenye nafasi, damu inabanwa haifiki kwenye vidole.

*Assalam aleikum. Mjukuu wangu anasoma Norwe, mji wa Tromsø, amenikatia tiketi niende Desemba. Anasema atanipandisha kigari cha mbwa na kunionyesha taa za angani. Mimi mate ya mbwa kwenye nguo sitaki, halafu nasikia huko jua halichomozi. Hii safari ina maana? (Hajati, Kibuli)*

Waaleikum salaam Hajati wangu, shikamoo. Ina maana sana, nenda. Mbwa wale wa haski ni wapole lakini wana kiherehere, wakifungwa kwenye kamba wanabweka na kuruka wote kwa pamoja husikii hata unachosema, alafu kigari kikianza tu kwenda, kimya, unasikia theluji peke yake chini. Mimi nilipenda. Ila watakurukia, watakulamba, hilo siwezi kukuficha. Kwahiyo mwambie mjukuu akutafutie kigari cha reindia, yule mnyama kama kulungu mwenye mapembe anayefugwa na Wasami, wenyeji wa kaskazini kule. Anakokota polepole kama mtu anayetembea, unafunikwa na ngozi mpaka kidevuni, na ukinyamaza unasikia miguu yake inalia tik tik, ni mishipa ya kwenye kifundo, siyo kwamba ni mgonjwa. Jicho lake pia linabadilika ndani, kiangazi la dhahabu, baridi la bluu, lipate kuona gizani.

Kuhusu jua ni kweli, Tromsø halichomozi kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Sisi tuliozoea saa kumi na mbili asubuhi mwanga, saa kumi na mbili jioni giza, mwaka mzima bila kubadilika, kwetu ni kama hadithi. Siyo giza totoro lakini, mchana kuna masaa machache anga inakuwa bluu na pinki, nzuri ajabu. Nyakati za swala muulize sheikh wako kabla hujaondoka, mimi sitoi fatwa, ila jua hilo swali Waislamu wanaoishi huko wameshaliuliza zamani. Taa za angani, jua linarusha vipande vidogo vyenye umeme, sumaku ya dunia inavisukuma kuelekea kwenye ncha, vikigonga oksijeni juu huko kilomita mia na zaidi inawaka kijani. Hazina ratiba. Kaa siku nne tano, siyo usiku mmoja. Na Tromsø yenyewe siyo baridi ya kuua, bahari inaipasha, Januari ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, ukiingia bara ndani ndiyo utakuta 30.

*Mimi ni mwanafunzi, nimepata nafasi Finland. Seniors wangu wananiambia huko watu wanakaa sauna uchi alafu wanaruka kwenye shimo la barafu. Wananichezea? (Makerere)*

Hawakuchezei, wamekosea neno moja tu, *wanaruka*. Hakuna kuruka.

Finland ina watu kama milioni 5 na nusu na sauna kama milioni 3, fanya hesabu mwenyewe. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka sauna yao kwenye orodha ya urithi. Ukifika Tampere tafuta Rajaportti, sauna ya umma inayofanya kazi tangu 1906, unalipa kidogo tu. Unaoga kwanza, unaingia, unakaa kwenye benchi, mtu anamwaga maji kwenye mawe ya moto na ule mvuke unakuja taratibu unakushika masikio kwanza. Ukizidiwa shuka benchi la chini, hakuna atakayekucheka. Uchi ndiyo kawaida, wanaume kwao wanawake kwao, na baada ya dakika mbili unasahau kwasababu hakuna anayekuangalia. Wewe pia usiangalie, na simu iache kwenye kabati!

Lile shimo wanaliita avanto. Wamekata barafu ya ziwa, wameweka ngazi na taa, maji karibu na sifuri. Mara ya kwanza nilisimama pale na taulo mvuke unatoka mabegani kama mimi ni sufuria, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu amevaa kofia ya sufu akanipita, akateremka ngazi, akakaa kama anasubiri basi, akatoka. Aibu ndiyo iliniingiza. Sasa sikiliza, maji hayo yakikugusa kifua pumzi inakata yenyewe na unataka kuvuta hewa kwa nguvu, ndiyo maana haurukii, ukivuta hewa kichwa kiko chini umevuta ziwa. Shika ngazi, toa pumzi polepole, hesabu mpaka kumi na tano, toka. Usiingie peke yako, usiingie umekunywa, na mwenye moyo au presha asiingie kabisa mpaka daktari aseme. Ukitoka ngozi yote inawaka na utacheka bila sababu.

*Tunaoana Februari, mume wangu mtarajiwa ameona hoteli ya barafu. Kuna raha gani? (Mbarara)*

Ile ya Jukkasjärvi, Swideni, ilianza 1989, inajengwa na barafu ya mto Torne na kila masika inayeyuka inarudi mtoni. Kuangalia ni nzuri mno, kulala ni habari nyingine. Ndani ni nyuzi 5 mpaka 8 chini ya sifuri, mnalala kwenye ngozi za reindia kila mtu na gunia lake la kulalia na kofia kichwani. Kwa fungate mimi ningesema usiku mmoja tu wa picha, zingine chumba cha joto. Na choo kiko jengo lingine, kwahiyo chai ya jioni punguza.

*Mimi mvuvi, Katosi. Mwanangu yuko Kanada anasema watu wanatembea juu ya ziwa, wanatoboa na kuvua. Mbona samaki hawagandi? Na wale watu hawazami?*

Mzee wangu, maji yana tabia ya ajabu, yanakuwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4, yakipoa kupita hapo yanakuwa mepesi yanapanda juu, na barafu inaelea. Kwahiyo barafu inakaa juu kama kifuniko na chini samaki wana maji yao ya nyuzi 4, wamepoa tu, hawali sana. Mvuvi anakuja na keekee kubwa kama ya seremala, anatoboa shimo la upana wa sahani, anaweka kijiti kifupi na uzi, anakaa kwenye kiti, wengine wana kibanda na jiko ndani kabisa. Kuzama wanazama wasiopima. Barafu safi ngumu ya sentimita 10 inabeba mtu anayetembea, gari inataka nene zaidi sana, na nyeupe yenye theluji ndani siyo ya kuamini. Ukienda kumtembelea mwanao nenda naye, hii ndiyo michezo ya baridi ambayo wewe utawafundisha wao kitu, kungoja ngege na kungoja samaki wa kule ni kungoja kule kule.

Akuchukue na Ottawa pia, kuna mfereji wa Rideau wakati wa baridi unageuka njia ya barafu kilomita 7.8, watu wanaenda kazini na viatu vya wembe. Kuskeiti ndiyo linaitwa, siyo sketi, msichana mmoja wa duka alinielewa vibaya nikapelekwa upande wa nguo za kike. Lakini aulize kwanza kama pamefunguliwa, baridi ya 2022 kuingia 2023 barafu haikushika na mfereji haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu waanze.

*Mimi viza ya Ulaya wameninyima mara mbili, naenda Dubai tu kubeba mzigo. Nibaki bila theluji? (Kikuubo)*

Pale Mall of the Emirates kuna ile Ski Dubai ya ndani, tangu 2005. Achana na mteremko wa skii, ingia upande wa mchezo wa theluji, jaketi na buti wanakupa, kuna vya kuteleza na penguini wa kweli. Saa moja inatosha, rudi kwenye mzigo wako.

*Mnahangaika na Ulaya wakati theluji iko hapa. Sisi Kasese tunaiona asubuhi tukifungua dirisha. (Kasese)*

Umenishika. Bakonzo wanaiita theluji nzururu na milima ya Rwenzori imechukua jina hapo, na wazee wanasema Kitasamba, mungu wao, mwenyewe anakaa humo. Kilele chake Margherita ni mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika, Mtaliano yule Duke wa Abruzzi alifika juu 1906. Barafu aliyoikuta sehemu kubwa imeshaondoka, inayeyuka kila mwaka, kwahiyo anayetaka kuiona asiseme mwakani.

Ila msidanganyane, hii siyo ya kucheza na watoto wa Ntinda. Ni kama wiki nzima ya kutembea, mwisho ni kamba, miba ya chuma kwenye buti na kiongozi. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza unashuka, haijalishi umebakiza nini. Nenda Desemba mpaka Februari au Juni mpaka Agosti, mvua inapungua kidogo. Na siku nyingi za chini hutakanyaga theluji, utakanyaga tope, tope la magotini, wabeba mizigo wote wanavaa gambuti na wana akili. Nunua zako hapo Kasese mjini, zijaribu na soksi nzito, zisilegee. Gambuti ikilegea tope linaibakiza, mguu unatoka na soksi, na hapo kambi bado masaa matatu.