Barua kwa mwanangu: kabla hujapeleka zile milioni 9 benki

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Wajukuu wangu wasalimie, na yule mdogo mwambie bibi amesikia kuwa jino limetoka.

Umeniuliza kuwa malimbikizo yako ya mshahara yametoka, milioni 9, je, uzipeleke zote benki upunguze mkopo wa nyumba ya Kigamboni, au uzishike mkononi kwa vile maisha yamepanda? Na unataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nitalifikia hilo. Lakini ndani ya ujumbe wako kuna jambo umelipitisha harakaharaka, kwamba mama watoto anataka oveni kubwa ya gesi kwa ajili ya keki zake, "ila hiyo inaweza kusubiri." Nimekwama hapo tangu juzi. Habari za benki nilizisoma mara moja zikaniingia. Hiyo ya oveni nimeirudia nikiwa nachambua mchele, nimeirudia kitandani.

Kuhusu maisha kupanda huna haja ya kunishawishi. Mimi nipo hapahapa Tabata na yote yananipitia. Nauli ya daladala iliyokuwa 500 ikawa 600 tangu Desemba 2023. Sukari ya mwanzoni mwa 2024 uliiona mwenyewe, tulivyofika 4,000 kwa kilo na bado unaambiwa imekwisha. Kila mwezi nikinunua umeme wa LUKU, kabla ya uniti wanakata kwanza 1,500 ya kodi ya jengo. Wewe juu ya hayo una daraja la kulipia kwenda na kurudi, una basi la shule la watoto wawili, na mtungi wa gesi hauchukui muda. Kwa hiyo ninaposema ninachotaka kusema, usidhani mama yako amesahau bei ya unga.

Jumapili nilimwita dada yako aje na kikokotoo. Nikampa yale uliyowahi kunitajia: ulikopa milioni 60, riba asilimia 15, miaka 20, rejesho 790,000 kwa mwezi. Akaniambia mwezi wa kwanza, katika hiyo 790,000, riba ilichukua 750,000 na kilichogusa deni lenyewe ni 40,000. Nikamwambia arudie. Akarudia, ikawa ileile. Miaka 4 umekwisha kulipa karibu milioni 38, na deni limetoka milioni 60 likafika milioni 57 na laki 4. Mwanangu, hapo nilimwambia dada yako azime hicho kikokotoo tunywe chai.

Alinieleza vizuri lakini, na mimi nakueleza mkopo ulivyo. Riba inahesabiwa juu ya salio lililobaki. Salio likiwa kubwa, riba inameza karibu rejesho lote. Hela unayoongeza mapema haipiti kwa riba, inakwenda moja kwa moja kupunguza deni. Ukipeleka milioni 9 sasa na rejesho likabaki lilelile, unakata miaka 6 na miezi 3. Usipopeleka, hakuna mtu wa kukupunguzia. Benki Kuu iliposhusha riba yake hadi asilimia 5.75 Julai 2025 ulinipigia simu kwa furaha, lakini mkataba wako ni wa riba isiyobadilika na rejesho halikusogea hata shilingi. Kwa hesabu peke yake, jibu lipo wazi na hukuhitaji kuniuliza.

Lakini marehemu baba yenu naye, mwaka 2006, kwa hesabu alikuwa sahihi.

Mwaka ule wa mgao unaukumbuka, ulikuwa darasa la saba. Mvua zilikataa, kila siku redio ni bwawa la Mtera, Mtera, maji yamekwisha. Umeme ukawa unakatwa asubuhi unarudi usiku, siku nyingine tumeshalala. Na friza yangu ndiyo ile pale barazani, nyeupe, mfuniko nimeufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli kwa sababu bawaba moja ilikatika. Barafu za ubuyu, za ukwaju, za maziwa siku ya Ijumaa. Samaki wa majirani walilala humo kwa malipo. Hela ya friza ndiyo ilikuwa mboga, ndiyo mafuta ya taa, ndiyo daftari lenu. Mshahara wa baba yenu ulikuwa unaishia kwenye rejesho la ule mkopo wa kupaulia, na hati yetu imekaa benki.

Basi akaja jioni moja na karatasi yake. Akanionyesha: akiuza friza, akiuza baiskeli, akiongeza na hela ya likizo, deni linakwisha kabla ya mwaka kwisha na hati inarudi nyumbani. Akaniambia, "Mke wangu, hiki kitu kimelala. Deni halilali."

Nilimjibu neno ambalo nimewaambia ninyi tangu mlipoanza kusikia: kinacholisha nyumba hakiguswi. Akaniuliza kwa upole kabisa, hakuwa mtu wa ukali, "Kinalisha nini bila umeme?" Na kweli, wiki ile friza haikuwa imeingiza hata nauli.

Mkokoteni ulikuja siku ya pili. Wewe ndiye uliyeshika mfuniko kwa sababu ule mpira ulikatika walipoinyanyua. Nilikuwa nimeiyeyusha usiku lakini maji yalikuwa bado yamebaki chini, yakawa yanadondoka njia nzima, kutoka barazani, mbele ya duka, mpaka kona ya barabarani. Nilisimama mlangoni naangalia ule mstari wa maji kwenye vumbi mpaka jua likaukausha. Baba yenu alikwenda benki siku hiyohiyo.

Mwisho wa mwaka mvua zikanyesha, tena zikazidi. Umeme ukarudi. Na watoto wa shule wakaanza kuja dirishani kwangu na hamsini zao mkononi. "Bibi, barafu ipo?" Hakuna. Kesho tena, "Barafu ipo?" Hakuna. Walichukua muda mrefu kuzoea. Kuuzwa kwa friza nilikuwa nimeshakubali. Lile neno "hakuna" nililokuwa nalitoa pale dirishani kila mchana, na sufuria yangu jikoni haina kitu, ndilo linaloniuma mpaka leo hii ninapokuandikia.

Januari ukaingia kidato cha kwanza. Sare, viatu, michango. Nilikwenda kwa mama mmoja wa mtaa wa pili anayekopesha, laki moja unarudisha laki na thelathini ndani ya mwezi. Siku hizi mnaita kausha damu. Wakati ule haikuwa na jina lakini damu ilikuwa inakauka vilevile. Baba yenu hakujua mpaka nilipokwisha kuilipa. Kwa hiyo lile deni la benki lenye mkataba na mihuri tulilimaliza, tukaingia kwenye deni lisilo na karatasi.

Sasa nisimwonee mtu ambaye hawezi kujibu. Siku hati iliporudi na yenyewe naikumbuka. Miezi ilipita tangu tumalize kulipa, kwa sababu kumaliza deni ni jambo moja na kufuta rehani kwa Msajili wa Hati ni jambo lingine, na baba yenu alizunguka sana. Akaingia na bahasha ya kaki. Hakuvua hata viatu. Nikanawa mikono kwanza, nikaipangusa meza, ndipo akaitoa. Akasoma namba ya kiwanja na kitalu kwa sauti, polepole, mnamsikiliza wote, halafu akasoma jina lake na jina langu. Usiku ule alilala usingizi ambao sikuwahi kumwona akilala.

Na miaka michache baadaye alipotutoka, msiba ulipokwisha na watu wakaondoka, hakuna mtu aliyekuja kugonga mlango huu akidai. Nimeona wajane wenzangu hapa mtaani. Nimeona dalali wa mnada akibandika karatasi kwenye nyumba ambayo matanga hayajaanuliwa. Mimi nilikuwa na huzuni tu, hofu sikuwa nayo. Hilo alinipa baba yenu, na alilinunua kwa friza yangu.

Unaona ninavyozunguka? Nikisema alikosea, naangalia hii paa juu yangu. Nikisema alipatia, nasikia wale watoto dirishani. Huwa najiambia kwamba friza ingebaki, mvua zingekuja zikaikuta, na mimi mwenyewe ningelipa hilo deni kwa barafu hata baada ya yeye kuondoka. Halafu najiambia, wewe mama, ungelipa kweli? Na ada za watoto watatu? Miaka yote hii sijashinda hayo mabishano. Ila kwamba kinacholisha nyumba hakiguswi, hilo sijaliacha na sitaliacha.

Narudi kwa mkwe wangu.

Wewe unaona oveni ni matumizi. Mimi niliyekaa kwako wiki mbili mwezi wa Ramadhani nimeona kitu kingine. Nimemwona anaamka saa tisa usiku kwa sababu kile kioveni chake kinaingia keki moja tu, na oda ni nne. Nimemwona anamrudisha mteja wa harusi. Nimeona pia, na hili hukunitajia, kwamba nyanya, vitunguu, sabuni na vocha vya nyumba ile vinatoka kwenye kopo lake la hela juu ya kabati, wala si kwenye mshahara wako. Mshahara wako unafikia pale ulipokuwa unafikia wa baba yako. Kwa hiyo unaponiambia bei zimepanda na wakati huohuo oveni isubiri, mimi hayo mawili nayaona ni jambo moja.

Tena kumbuka siku mnachukua mkopo. Benki walimwita na yeye, akasaini kwamba ameridhia, kwa sababu Sheria ya Ardhi hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila mwenza kukubali. Sahihi yake ilihitajika mlipokuwa mnaingia. Sasa mnatafuta njia ya kutoka, na umemuuliza mama yako wa Tabata kabla ya kumuuliza yeye aliyelala chumba kimoja na wewe. Sikukasirikii, nimefurahi kuulizwa. Lakini kaa naye.

Dada yako alifanya na hesabu nyingine, nikamwomba mimi. Tuseme oveni ni milioni 2, wewe utanirekebisha. Zikienda benki milioni 7 badala ya 9, unakata miaka 5 na miezi 3 hivi. Tofauti ni kama mwaka mmoja. Na kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja: baada ya kulipa milioni 9, benki inaweza kukuachia miaka ileile 16 iliyobaki na kukushushia rejesho, likatoka 790,000 likawa kama 666,000. Hiyo ni 124,000 inabaki nyumbani kila mwezi. Unapoteza ile miaka 6, lakini mwezi unapumua. Sasa ipi? Kukata muda au kupunguza rejesho? Waulize, na wakujibu kwa maandishi, maana ukipeleka hela bila kusema, watachagua wao. Waulize pia kama mkataba wako una ada ya kulipa kabla ya wakati, na ni asilimia ngapi ya kile unacholipa. Na usipeleke zote mpaka ya mwisho. Ukibaki mtupu na ada ya muhula ikaja, hutakwenda kwa mama wa mtaa wa pili, utaikopa kwenye simu usiku peke yako, na mke wako atakuja kujua kama baba yenu alivyojua.

Jibu ninalo, na linaniwasha mdomoni. Nikikwambia lipa, nitakuwa nimesema kwa sauti ya baba yako. Nikikwambia usilipe, nitakuwa nimemsema akiwa kaburini, na hakustahili hilo. Kwa hiyo nimelimeza, nyumba ni yenu wawili.

Lakini bei ya hiyo oveni naitaka. Mwambie mkwe wangu anitumie yeye mwenyewe, pamoja na oda alizokataa mwezi uliopita. Na wewe nipigie picha ukurasa wa mkataba unaoeleza kulipa mapema, picha iwe wazi, dada yako anakuja tena Jumapili na miwani yangu ninayo.

Mama yako,
Tabata