Betri ya Satsuma haina kosa, angalia mkanda

Ndugu, unasema kwenye ule mchezo wa kompyuta wa My Summer Car gari lako la Satsuma linakataa kuwaka kila ukiamka, umeshanunua betri ya pili kwa Teimo mwenye duka, na hiyo mpya nayo imekufa siku ya tatu. Usinunue nyingine. Hata ya tatu itakufa.

Mimi niko Nakuru, na mchezo huu nilianza kuucheza kabla toleo kamili halijatoka Januari 2025. Kosa lako nimelifanya mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa barabarani, si kwenye kompyuta.

Nilikuwa natoka Molo usiku na Probox ya mjomba. Ukungu wa kule mnaujua. Karibu na Sachangwan ikawaka taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Nikajiambia betri imezeeka, kesho nitamwambia mjomba, nikakanyaga mafuta. Baada ya muda redio ikanyamaza yenyewe, waipa zikawa zinapanda kioo kama mzee mwenye magoti mabaya, na taa za mbele zikageuka rangi ya chai ya maziwa. Kisha ikawaka taa ya joto la injini. Nikajikokota hadi Salgaa, nikaegesha katikati ya malori. Dereva mmoja wa trela akaja na tochi, akafungua boneti, akainama kidogo, akaniuliza: "Kijana, mkanda wako uko wapi?"

Haukuwapo. Kilichobaki ni uzi mweusi uliojisokota kwenye puli.

Mkanda huo ndio unaozungusha altaneta, ile mashine inayochaji betri, na kwenye Probox unazungusha pampu ya maji pia. Ukikatika, betri inabaki inalisha gari zima peke yake. Piga hesabu: taa mbili za mbele za wati 55 ni wati 110, yaani kama ampea 9 kwenye volti 12. Betri ndogo ya ampea-saa 35 haifiki saa nne hata ikiwa imejaa, na hapo sijahesabu waipa, feni wala plagi. Ile taa nyekundu haikuwa inasema betri ni mbovu. Ilikuwa inasema hakuna anayeichaji.

Sasa rudi Finland, kwenye mchezo. Satsuma imechongwa kwa mfano wa Datsun 100A, gari la zamani lisilo na makuu. (Wazee wa hapa bado wanazisifu Datsun tangu dereva Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.) Kwenye mchezo pia mkanda mmoja unabeba altaneta na pampu ya maji. Fungua boneti kabla hujagusa betri. Mkanda upo? Ukiwasha injini unasikia mlio kama wa nguruwe aliyebanwa? Basi umelegea. Legeza altaneta, ivute nje mpaka mkanda ukaze, kisha uifunge tena. Usiukaze kama kamba ya gitaa, utakatika mapema. Na wa akiba uwe nao ndani ya gari kila siku; Teimo anauza.

Kosa langu la pili lilikuwa la kijinga zaidi. Kiangazi kule usiku ni mfupi mno. Unawasha taa, unafika nyumbani kumeshapambazuka, huoni tena kama zinawaka. Unazima injini, unaingia sauna, unalala. Asubuhi stata inagonga tak, tak, basi. Siku hizi nikishuka nageuka kutazama taa za mbele, halafu swichi ya ufunguo, kama imerudi hadi mwisho. Swichi ikibaki nusu na injini imezimwa, betri inaliwa vilevile.

Ikishakufa usiitupe. Kuna chaja pale gereji: toa betri, iunganishe, uiache saa kadhaa. Hapo ndipo niliponaswa tena, maana bili ya stima ilikuja kwa bahasha nikaipuuza, wakanikatia. Nikasimama na chaja mkononi kwenye nyumba yenye giza. Huku kwetu tokeni ikiisha angalau mita inakulilia kwanza.

Kwa mwenye gari la kweli, mita ya volti ya fundi wa waya inamaliza ubishi kwa dakika moja. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri iliyojaa husoma kama 12.6, ikisoma 12.0 imeshuka sana. Washa injini: ikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, altaneta inafanya kazi. Isipopanda, huyo fundi akikwambia ununue betri, mwulize kwanza kama ameutazama mkanda.

Ukiukuta mkanda mzima na umekazwa na bado betri inakufa, piga picha ya altaneta na nyaya zake uiweke hapa tuione.