Upasuaji wa kongosho na figo huanzia mikononi mwenu

Kila kundi la madaktari tarajali linaloanza kazi katika kitengo cha kusafisha damu hapa Mtwara huniuliza kwa nini nalifundisha upandikizaji wa kongosho na figo kwa pamoja, ilhali hata anayehitaji figo peke yake tunampa rufaa kwenda Muhimbili, ambako huduma hiyo ilianza mwaka 2017. Jibu langu ni kwamba mishipa atakayoitegemea mpasuaji wa huko mbele, ninyi ndio mnaoitunza au kuiharibu.

Viungo vya mgonjwa mwenyewe haviondolewi. Kwa kawaida kongosho jipya hukaa chini ya tumbo upande wa kulia na figo upande wa kushoto, vyote vikiunganishwa na mishipa mikubwa ya nyonga. Figo haina usumbufu mwingi. Kongosho hulishwa na ateri mbili, ya bandama na ya juu ya utumbo, kwa hiyo likiwa bado kwenye barafu ateri hizo huunganishwa na kipande cha ateri ya nyonga ya mtoaji chenye umbo la herufi Y, ili kwa mpokeaji ubaki mshono mmoja tu wa ateri. Kisha majimaji ya kumeng'enya chakula lazima yapate njia. Zamani wapasuaji wengi walikishona kipande cha duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) kinachokuja na kongosho kwenye kibofu cha mkojo, jambo lililowezesha kupima amilasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye mkojo, lakini mgonjwa alipoteza bikaboneti na maji mengi mwilini. Siku hizi wengi hukishona kwenye utumbo mwembamba.

Kinachotisha zaidi siku za mwanzo ni damu kuganda katika mishipa ya kongosho, na ndiyo maana vena ya nyonga inapaswa kuwa wazi.

Nilipokuwa mgeni kazini, usiku mmoja nilimwekea kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza mpira wa kusafishia damu kwenye kinena cha kulia, kwa kuwa ndipo mkono wangu ulipopazoea, nao ukakaa wiki mbili. Mguu ulivimba hadi kidole changu kikaacha shimo juu ya kifundo. Ultrasaundi ikaonyesha vena ya nyonga imeziba, upande ule ule ambako kongosho jipya lingekaa. Anzeni na vena ya shingo ya kulia, na mnapoandika rufaa, tajeni mapigo ya kinena na ya mguu pande zote mbili, pamoja na kila mpira uliowahi kuwekwa, hata ule uliokaa saa chache.