Wadogo zangu mnaoanza fizio (tiba ya viungo), fomu ya hofu na mawazo ya mgonjwa ikishajazwa msikimbilie kuifungia kwenye faili

Kwanza nikiri, mi mwenyewe miaka ya mwanzo haya mambo ya kumuuliza mgonjwa kuhusu hofu na mawazo yake nilikuwa naona ni kazi ya watu wa saikolojia. Nimesomea misuli na mifupa, niletee goti nilipime, basi. Mtu akija na mgongo namwangalia anavyoinama, napima rifleksi, nampa mazoezi matatu, tuonane wiki ijayo. Na wengi walikuwa wanapona, ndo maana sikujiuliza. Wasiopona nilikuwa naandika tu "mgonjwa hana ushirikiano" naendelea na maisha.

Akaja mama mmoja, mgongo unamsumbua mwezi wa saba huo. Nikampa mazoezi ya kuinama taratibu, anaitikia vizuri kabisa, "sawa mwanangu nitafanya", akirudi hali ile ile. Wiki ya tano nimechoka nikamuuliza, sio kwa ujuzi wowote bali kwa kuishiwa, "mama, hivi wewe mwenyewe unadhani huko mgongoni kuna nini?" Akanijibu hata hajafikiria, "si walishaniambia kwenye picha pingili zimesagika, nikiinama vibaya napooza." Wiki tano nampa mazoezi ya kuinama mtu anayeamini akiinama anapooza! Na ushirikiano nilikuwa namdai yeye.

Sasa hiyo ndo inaitwa bendera ya njano. Nyekundu, yaani dalili za ugonjwa hatari, mmefundishwa zote, na zinabaki kuwa za kwanza, nitazirudia chini. Jina la njano lilitokea New Zealand mwaka 1997 kwenye mwongozo wa maumivu ya mgongo, likimaanisha imani, hofu, hisia na tabia zinazoongeza uwezekano wa maumivu kugeuka sugu na mtu kushindwa shughuli zake. Baadaye zikaongezwa rangi nyingine, bluu ni jinsi mtu anavyoiona kazi yake (bosi haelewi, kazi itaniua), nyeusi ni mambo ya mfumo kama fidia na sheria za kazi ambayo wewe na mgonjwa wako hamna uwezo nayo, na chungwa ni ugonjwa wa akili wenyewe unaohitaji mtaalamu wake. Msihangaike kukariri rangi. Cha kukumbuka ni kwamba njano sio ugonjwa, ni mambo ya kawaida ya binadamu mwenye maumivu, na mengi yako ndani ya uwezo wa fizio kuyafanyia kazi.

Kosa ambalo kila mgeni analifanya, na mi nililifanya kwa muda mrefu tu, ni kuamini jicho. Unamwona mtu anacheka, anakutania, unasema huyu yuko poa, mwingine kanuna unasema huyu ana stresi. Jicho halioni kitu hapo jamani. Tafiti zimeshaonyesha tukikisia nani ana hofu kubwa au sonona tunakosea sana, na mi wagonjwa walionishangaza zaidi ni wale wachangamfu, kumbe mtu hajalala wiki mbili na keshaamini kazi ndo basi tena. Kwa hiyo unampa kila mtu fomu, usichague. Ukichagua ujue umeshamhukumu kabla hajajibu.

Fomu zipo nyingi, usizibebe zote, mgonjwa hajaja kufanya mtihani. Kwa mgongo wa chini mi naanza na STarT Back iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, maswali 9 tu kuhusu wiki 2 zilizopita. Manne ya kwanza ni ya mwili, maumivu kushuka mguuni, maumivu ya bega au shingo, kutembea na kuvaa nguo. Matano ya mwisho ndo yanagusa hofu, wasiwasi, kukata tamaa, kukosa raha na jinsi mgongo unavyomkera. Jumla 0 hadi 3 hatari ni ndogo. Ikifika 4 na kuendelea unageukia yale matano ya mwisho peke yake, akipata 4 au 5 hapo hatari ni kubwa, akipata 3 kushuka chini hatari ni ya kati. Swali la 9 wageni wanalikosea kila siku, lina majibu matano na ni yale mawili makali tu yanayompa alama moja, mengine yote sifuri.

Kama maumivu sio ya mgongo peke yake, au mtu ana mambo ya kazi, natumia Örebro fupi. Hii imetoka Sweden, ina maswali 10, kila moja hadi alama 10, na akipita 50 unajua hapa kuna hatari ya kuchelewa kurudi kwenye shughuli zake. Ila kuna mtego, maswali matatu yanageuzwa, la kazi nyepesi, la usingizi na la matumaini ya kurudi kazini ndani ya miezi mitatu. Unatoa kwenye 10 ndo unapata alama. Niliwahi kukaa karibu mwezi mzima sigeuzi, waliolala vizuri wanapata alama za hatari na wasiolala wanaonekana wazima, na hakuna aliyegundua, maana hakuna aliyekuwa anazisoma baada yangu, na hata mi mwenyewe nilikuwa nazisoma juu juu.

Zile ndefu, kama ya Pain Catastrophizing (ya kuyaona maumivu kama balaa) yenye maswali 13 au ya Tampa ya hofu ya kujongea yenye 17, waachieni wale ambao fomu fupi imeshaonyesha kuna kitu na unataka kujua ni kitu gani hasa.

Halafu kuna jambo la lugha, hili hamtafundishwa darasani. Baadhi ya maswali yameandikwa kwa kukanusha, mfano lile linalosema si salama kwa mtu mwenye hali kama yangu kufanya shughuli za mwili. Ukimsomea mgonjwa kwa Kiswahili akakujibu "hapana", amesema nini? Anaweza kuwa anakataa, kwamba ni salama. Anaweza pia kuwa anakubaliana na wewe, "hapana, si salama kabisa". Na "ndiyo" nayo vile vile, kwa lugha yetu mtu anasema ndiyo kuikubali ile si. Swali la kukosa kufurahia vitu nalo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo usipokee ndiyo na hapana, mwambie ajibu "nakubali" au "sikubali", na ukiona ana mashaka mwambie arudie kwa maneno yake. Na usitafsiri fomu kichwani papo hapo mbele ya mgonjwa, leo utasema hivi kesho vile, halafu unalinganisha alama za maswali mawili tofauti. Mkikosa tafsiri iliyofanyiwa kazi kaeni kama timu mkubaliane maneno, mwingine ambaye hajaiona ya Kiingereza airudishe kwenye Kiingereza muone kama imebaki ile ile. Na kama mtu hasomi, msomee kwa sauti moja bila kukunja uso wala kutabasamu, na ndugu aliyemsindikiza asimjibie. Kuna mume mmoja alimjibia mkewe maswali yote kasoro la kwanza, mi nimekaa tu naandika.

Kuitambulisha hiyo fomu nako ni kazi. Nilimwambia kijana mmoja mwenye shingo, "hii inaangalia upande wa kisaikolojia", akaweka kalamu mezani, "kwa hiyo dokta unaona naigiza?" Siku hiyo tulimaliza vibaya na hakurudi. Siku hizi nasema hivi, au karibu na hivi: maumivu yakikaa mwilini yanagusa usingizi, kazi, mawazo, mpaka watu wa nyumbani, kwa hiyo kila mwenye maumivu kama yako nampa hii, ujibu ulivyo kweli, ukimaliza tutaisoma pamoja. Ile "kila mwenye maumivu" inamwondolea mtu shaka kwamba kachaguliwa yeye. Na ile "tutaisoma pamoja" ukiisema basi uitimize, maana hapo ndo wengi wetu tunaangukia.

Kule Uingereza mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio lililofuata watu 851, kundi moja likatibiwa kufuatana na hatari iliyoonekana kwenye ile fomu ya Keele, na wakafanya vizuri kuliko waliotibiwa kawaida. Watu wakafurahi. Mwaka 2018 yakaja ya Marekani, fomu ile ile, watoa huduma wakafundishwa kuitumia, tofauti kwa wagonjwa hakuna. Na ukisoma kilichotokea, matibabu waliyopewa wagonjwa hayakubadilika ya maana. Fomu ilijazwa, huduma ikabaki ya zamani! Mi hiyo ya pili ndo inanifundisha zaidi, kwa sababu ndo kliniki nyingi zilivyo, karatasi inajazwa kwa kalamu nzuri, inatobolewa, inaingia kwenye faili, mgonjwa anapewa mazoezi yale yale matatu.

Kuisoma pamoja maana yake unachukua jibu moja, lile zito, unalirudisha kwake kama swali. "Naona hapa umekubali kwamba si salama, hebu niambie, unaogopa kitatokea nini?" Halafu nyamaza. Hapa pagumu. Tunapenda kumtuliza haraka, "usiwe na wasiwasi mama", na yeye anafunga mdomo kwa heshima na wewe hujajua kitu. Subiri. Atakutajia alichoambiwa na fulani, au jirani aliyeishia kitandani, au siku ile mgongo ulipolia kaa! akiinua kitu. Andika kwa maneno yake mwenyewe, usigeuze kuwa "kinesiofobia" (ile hofu ya kujongea), kwa sababu hayo maneno ndo utayafanyia kazi wiki ijayo.

Ila kuna siku jibu sio lako. Ukiwa unatumia PHQ-9 kwa ajili ya sonona, swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na usithubutu kumpa mtu fomu hiyo kama hujui utampeleka wapi mtu atakayekubali. Jua kabla, ni nani unampigia, saa ngapi yupo, nani anabaki na mgonjwa. Akikubali muulize waziwazi kama anafikiria kujiua na kama ana mpango, kuuliza hakumpandikizii wazo, na usimwache aende peke yake ati utapiga simu kesho. Na fomu ya namna hiyo isome kabla mtu hajatoka mlangoni, sio jioni ukipanga mafaili.

Na nyekundu nilisema nitazirudia. Mtu kuwa na hofu nyingi hakumzuii kuwa na saratani. Ganzi maeneo ya siri na makalioni, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, miguu kuishiwa nguvu, huyo anakwenda hospitali saa hiyo hiyo, alama zake za fomu utazihesabu siku nyingine. Kupungua uzito bila sababu, homa, historia ya saratani, vyote unauliza hata kama mgonjwa amelia mbele yako robo saa nzima. Na upande mwingine, wiki ya kwanza baada ya kuumia karibu kila mtu anaogopa, usimpachike mtu jina kwa alama za siku ya tatu, mpe tena fomu baada ya wiki chache uone inaelekea wapi.

Turudi kwa yule mama. Siku ile ile nilimpa ile STarT Back, akapata 7, kwenye matano ya mwisho alikuwa na 4. Hatari kubwa, sio ya kati. Nikaanza kwa kumpa somo, maana ndo tunalolijua, nikamwambia kuna watafiti walikusanya mwaka 2015 picha za watu wasio na maumivu ya mgongo kabisa, wakakuta diski (vile vito vya katikati ya pingili) zilizochakaa kwa 37% ya wenye miaka 20 na 96% ya wenye miaka 80. Akaitikia vizuri, "kumbe!" Na kuinama hakuinama. Takwimu hazikumfikia alipokuwa ameshika. Tukaanza akiwa amekaa kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, ateremshe hadi magotini, na kabla hajafanya namuuliza anategemea nini, anasema "kitakatika", anafanya, namuuliza kimetokea nini, anasema "kimevuta tu". Ziara inayofuata mpaka kwenye ugoko, halafu amesimama, halafu sakafuni, kila hatua na hilo swali lake kabla na baada.

Wiki ya sita ya mchezo huo nikampa tena fomu. Ikashuka kutoka 7 hadi 4, nikafurahi, mkono ukaanza kuipeleka kwenye faili kama zamani. Nikaona swali la 5 bado kaweka nakubali. Nikamwambia mama mbona unainama vizuri kabisa na hapa bado unasema si salama? Akasema, kuinama nimekubali mwanangu, ila kubeba ndoo bado. Basi tukaleta ndoo.