Kama si sauti, angekula nini?

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: je, mtu asiye na sauti nzuri anastahili kuitwa mwimbaji? Swali lenyewe ningeliacha lipite. Lililonichoma ni mfano mliouweka chini yake, Bob Dylan wa Marekani, mkaandika kwamba ni mtunzi mkubwa lakini kwa bahati mbaya anaimba mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimemtetea mtu huyu sebuleni, ndani ya daladala na katika chumba cha walimu, na kila mara kesi ni hiyo hiyo, sauti. Naomba nafasi nami niseme.

Msimamo wangu ni huu. Sisi watu wa pwani tuna neno linalomaliza ubishi wote: kughani. Mtu akisimama harusini akaghani utenzi, hakuna anayemuuliza kama ana koo la kinubi. Tunasikiliza kama mizani imetimia, kama vina havikupinda, na kama neno limetamkwa likawafikia akina mama walio nyuma ya pazia. Dylan ni mghani. Anayemhukumu kama mwimbaji amempeleka mahakama isiyo yake. Nafundisha fasihi kidato cha tatu, na hivyo ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu kila mwaka tunapofika kwenye ushairi simulizi: sauti achaneni nayo, sikilizeni maneno.

Wamarekani wenyewe walikwama hapo hapo. Kijana amezaliwa Duluth, Minnesota, mwaka 1941, amekulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma, anaingia New York Januari 1961 akiwa na miaka 19, na anaimba kama mzee aliyelima mawe maisha yake yote. Sauti ile alikuwa ameichota kwa Woody Guthrie, mwimbaji wa zamani wa nyimbo za watu, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa hospitalini New Jersey, na Dylan alikwenda kukaa kando ya kitanda chake na kumwimbia nyimbo za Guthrie mwenyewe. John Hammond, mtayarishaji wa kampuni ya santuri ya Columbia, akamchukua. Santuri ya kwanza ikatoka 1962, haikuuzika, na ndani ya kampuni watu wakaanza kumwita kijana yule upumbavu wa Hammond. Mwaka uliofuata kundi la Peter, Paul and Mary wakauimba wimbo wake "Blowin' in the Wind" kwa sauti tatu zilizosukwa kama mkeka, ukapanda hadi namba mbili kwenye chati ya Marekani. Mwaka 1965 kundi la The Byrds nao wakachukua wimbo wake mwingine, ukafika namba moja. Basi, hukumu ikawa imetoka: nyimbo ni nzuri, aimbiwe na wengine. Columbia waliligeuza neno hilo likawa tangazo, wakasema hakuna amwimbaye Dylan kama Dylan.

Kwetu Tanga kesi yake ni ngumu zaidi. Mji uliolea vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, mji wa mwimbaji Shakila, umezoea sauti inayoteleza kama samli. Na pwani nzima ndivyo ilivyo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipopata jina Unguja, wenye wivu walimtungia kijembe wakakimalizia kwa kuuliza, kama si sauti, angekula nini? Walimnyima kila kitu, sura, ukoo, nguo, lakini sauti walishindwa kumnyima. Sasa kipimo hicho mpimieni mzungu anayeimbia puani.

Nilikusudia kuishia hapo, niongeze habari ya tuzo ya Nobel ya Fasihi aliyopewa 2016 kama ushahidi kwamba maneno yalishinda, nifunge barua. Lakini kila nikimtaja Dylan namkumbuka Bibi, na siwezi kumruka.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 13. Tuliishi kwa Bibi, Ngamiani. Mjomba alikuwa baharia, na safari hiyo alishuka likizo na kanda moja isiyo na karatasi wala picha, imeandikwa DYLAN kwa kalamu ya wino. Alipewa na baharia mwenzake, akakaa nayo baharini hadi maneno yote akayashika kwa moyo. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, kwa hiyo redio kaseti ilikwenda kwa betri, na betri zenyewe nilikuwa nimezianika ukutani tangu asubuhi kama dagaa ili zirudishe nguvu kidogo. Wa rika langu wanajua. Betri iliyoanikwa juani haidumu. Itakupa nusu saa ya kweli, kisha inaanza kukokota.

Bibi alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali wa usiku. Dada yangu alikuwa pembeni amenuna kwa sababu alitaka Sikinde. Mjomba akaweka kanda yake. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, Bibi akasema, "Huyo kabanwa na mafua." Dada akacheka hadi akajishika mbavu. Mjomba hakukasirika, alisema lile alilokuwa akisema siku zote: "Mama, sauti achana nayo. Sikiliza maneno."

Zikapita nyimbo mbili tatu. Kisha ukaja huu ninaotaka kuusema, "The Lonesome Death of Hattie Carroll". Ni gitaa kavu na kinanda cha mdomo, hakuna kingine. Betri zilikuwa zimeanza kuchoka, sauti ikawa nzito na ya polepole kuliko ilivyorekodiwa. Bibi akauliza, "Mzee huyo ana miaka mingapi?" Mjomba akasema, "Alipouimba huu alikuwa na 22, Mama." Bibi akaguna tu, akaendelea kukuna.

Wimbo una beti nne, na baada ya kila ubeti kuna kiitikio. Mara tatu kiitikio kinawaambia watu kwamba bado, huu si wakati wa machozi yenu. Mtu amepigwa, bado. Mtu amekufa, bado. Ubeti wa nne unaingia mahakamani, hakimu anatoa adhabu, na hapo tu ndipo kiitikio kinapogeuka: sasa lieni. Sauti haipandi. Hapigi ukelele, haigizi kilio. Analisogeza neno la adhabu polepole mbele yako kama mtu anayekurudishia chenji pungufu.

Ndipo nilipoona mkono wa Bibi umesimama. Kifuu kiko mkononi, machicha yamemganda vidoleni, hakuni. Akamwangalia Mjomba, akauliza, "Nani kafa?"

Mjomba akazima kanda, akamweleza. Alikuwa mtumishi wa hoteli Baltimore, mwanamke wa miaka 51. Usiku mmoja wa Februari 1963 kijana tajiri wa miaka 24, mwenye shamba la tumbaku, alimpiga kwa bakora karamuni kwa sababu alichelewa kumletea kinywaji. Alikufa kabla siku iliyofuata haijaisha. Yule kijana alihukumiwa tarehe 28 Agosti mwaka huo huo, siku ambayo mamia ya maelfu ya watu waliandamana Washington kudai haki za watu weusi na Dylan mwenyewe akapanda jukwaani kuimba. Kijana alipewa miezi sita jela.

Bibi akauliza, "Mweusi?"

"Wimbo hausemi, Mama. Lakini ndiyo."

Nimeusikiliza tangu siku hiyo mara nisizoweza kuhesabu, na ni kweli, hausemi popote.

"Miezi sita," Bibi alisema. Akarudia, "Miezi sita." Kabla ya uhuru alipika miaka kumi na moja nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, na alikuwa hapendi kuzisimulia siku hizo. Usiku ule alisimulia kidogo, akiwa bado amekaa juu ya mbuzi. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi alipigwa fimbo ya kichwa kwa sababu ya chai iliyopoa, akaishi lakini hakuwa yule tena, akawa anatabasamu ovyo na kusahau njia ya kwao. "Sisi hata hiyo miezi sita hatukuiona," alisema. Kisha akamwambia Mjomba, "Mrudishe nyuma nimsikie."

Mjomba akarudisha kanda, akabonyeza, sauti ikatoka kama inatokea kisimani, ikazama, ikakata. Betri zimekwisha. Bibi akafungua pindo la kanga, akatoa noti aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya samaki wa kesho, akaniambia, "Mume wangu, kimbia dukani kwa Mpemba, lete betri nne." Nilikimbia. Niliporudi aliusikiliza mara mbili, mikono mapajani, hatukuthubutu kusema. Kisha akachukua kifuu chake akaendelea na nazi. Wali ulichelewa, na kesho yake tulikula maharage. Hakuuliza tena habari za mtu yule mpaka anafariki.

Nimeandika hadi hapa nikasimama kwa sababu nimeona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote hii.

Bibi hakujua Kiingereza. Alijua maneno ya jikoni na ya kuamriwa, basi. Mjomba alikuwa akimwambia asikilize maneno, maneno gani? "Nani kafa" aliuliza kabla hajatafsiriwa chochote. Kilichosimamisha mkono wake ni kile kile tulichokuwa tukimsihi akiache. Na mghani wangu niliyemtegemea hapo juu hanisaidii tena, kwa maana mghani husikilizwa na anayeielewa lugha yake. Ghani utenzi mbele ya asiyejua Kiswahili uone kama ataacha kukuna nazi.

Kwa hiyo nilikuwa namtetea Dylan kwa kumnyang'anya kitu chake. Peter, Paul and Mary wangemwimbia Bibi kisa kile kile kwa sauti zao zilizosukwa vizuri, angesema wanaimba vizuri, angeendelea na kazi. Mwimbaji Mwingereza David Bowie, katika wimbo aliomtungia Dylan mwaka 1971, alisema Dylan ana sauti ya mchanga na gundi, na mimi nililichukua kama neno la kuomba radhi. Leo naona alitaja vitu viwili vinavyokwaruza na kunata. Na mwaka 2015 Dylan mwenyewe, akipokea heshima Los Angeles, alimkumbusha kila mtu kauli ya Sam Cooke, kwamba sauti isipimwe kwa urembo wake, ipimwe kwa kukushawishi kwamba inasema kweli. Cooke huyo alikuwa na mojawapo ya sauti laini kuliko zote zilizopata kutokea Marekani, na ni baada ya kuusikia "Blowin' in the Wind" ndipo alipoandika "A Change Is Gonna Come".

Basi jibu langu kwenu linageuka, na mnisamehe kwa kuligeuza katikati ya barua. Hapana, asiye na sauti nzuri asiitwe mwimbaji. Wanafunzi wangu nitawaambia hivyo muhula ujao. Kosa lenu ni kumweka Dylan kwenye kundi hilo. Siti aliulizwa kama si sauti angekula nini, na Dylan naye aulizwe hivyo hivyo, kwa heshima ile ile.

Ila nisiseme nisichokimaanisha. Sizungumzii kila alichorekodi. Mwaka 1969 alitoa "Nashville Skyline" akiwa na sauti laini ya kubembeleza, akadai ni kwa sababu ameacha sigara, na ndiyo sauti yake ninayoipenda kidogo kuliko zote. Ni nzuri, wala haijawahi kunisimamisha mkono. Zipo pia rekodi za maonyesho yake ya uzeeni ambamo anatafuna beti hadi unafika katikati ya wimbo ndipo unautambua, na hizo sizitetei. Wala sisemi kila sauti inayokwaruza ina kitu ndani. Bi Kidude alikuwa na kitu ndani, na hata yeye wapo Unguja kwenyewe waliokuwa wakizima redio. Sikio la mtu halilazimishwi.

Dada yangu nimemsomea barua hii kwa simu jana usiku. Anakumbuka yote, nazi, kanda, hata maharage, ila anasema Bibi alininunulisha betri kwa ajili ya matangazo ya vifo redioni, kwa kuwa kulikuwa na mgonjwa Pangani, na ule wimbo ulipigwa kwa sababu Mjomba aliwahi redio kwanza. Huenda mgonjwa alikuwepo. Lakini mimi ndiye niliyezitia betri zile, na Bibi alinyoosha kidole kwenye kanda.