Mchumba Wako ni Mjamaika Kweli: Barua kwa Mwanangu Aliye Birmingham

Mwanangu mpendwa,

Hapa Muheza hatujambo, mvua zimeanza vizuri na shangazi yako anakusalimu. Nimepata ujumbe wako, na kwa kuwa jibu lake haliishi kwenye simu, nimeona nikuandikie.

Umesema mchumba wako kazaliwa Birmingham, baba yake naye kazaliwa hukohuko. Waliotoka Jamaica ni babu na bibi, walioingia Uingereza miaka ya 1950. Hata hivyo bendera ya Jamaica imetundikwa sebuleni kwao, na akiulizwa ni mtu wa wapi anajibu Mjamaika, bila kusita. Wewe uliyezaliwa London ukalelewa Tanga ndiye unayesita. Ukaniuliza: “Mama, huo Ujamaika wake ni wa kweli au ni wa kuonyesha watu? Na watoto wetu watakuwa kina nani?”

Ni wa kweli. Nilifanya kazi wodini London pamoja na wauguzi wa Kijamaika kwa miaka mingi, nikala kwao, nikazika nao, na ninachokuandikia nimekipata kwao.

Anza na ile bendera. Meli ya Empire Windrush ilipoteremsha abiria bandari ya Tilbury, karibu na London, tarehe 22 Juni 1948, zaidi ya 500 kati yao wakiwa wametoka Jamaica, bendera hiyo ilikuwa haijashonwa. Jamaica ilikuwa koloni, na kwa sheria watu wale walikuwa raia wa mfalme sawa na mtu wa Manchester. Wenyewe kwa wenyewe walijuana kwa wilaya: huyu wa Clarendon, yule wa Portland. Wasiokuwa na pa kufikia walilazwa kwenye handaki la wakati wa vita, chini ya ardhi pale Clapham South, London, na ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu ilikuwa mtaa wa Brixton. Ndivyo Brixton ilivyokuja kuwa mtaa wa Wajamaika.

Bendera ya nyeusi, kijani na dhahabu ilipandishwa Kingston usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 1962. Mwezi mmoja tu kabla yake, tarehe 1 Julai, Uingereza ilikuwa imeanza kutumia sheria ya kuwabana watu wa Jumuiya ya Madola wasiingie kama zamani. Hebu fikiria hali ya bibi yake mchumba wako mwaka ule. Nchi aliyoambiwa tangu shuleni kwamba ndiyo mama yake inafunga mlango, na kisiwa alichokiacha kinapata wimbo wa taifa akiwa mbali. Hakuondoka kwao na utaifa begani. Ulimkuta Birmingham, akaushika kwa mikono miwili. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Ujamaika wa ng'ambo ni kivuli cha ule wa kisiwani, usimkubalie. Mwingi ulijengwa hukohuko Uingereza, na waliojenga walikuwa na sababu.

Sababu ya kwanza ilikuwa mahali pa kulala. Wenye nyumba walibandika matangazo madirishani kwamba weusi hawapokelewi, na mpaka mwaka 1968 hapakuwa na sheria ya kuwakataza. Benki nazo hazikuwapa mkopo. Basi wakacheza pardner. Huo ni upatu uleule wa kwetu: mtu mmoja anayeaminika anakusanya fedha kila wiki, na kila wiki mmoja anapokea fungu lote. Kwa mafungu hayo walipata kianzio, wakanunua nyumba kuukuu ambazo Waingereza walizikimbia, wakapangisha vyumba kwa waliofika nyuma yao. Kuna mitaa ya Brixton, na ya Handsworth huko kwenu Birmingham, ambayo msingi wake ni neno la mtu aliyesema Ijumaa nitaleta, na Ijumaa akaleta. Mimi pia nilicheza. Wodini kwetu mkusanyaji alikuwa mama mmoja wa Clarendon, wa zamu ya usiku, na fungu lake ndilo lililonilipia nauli ya kuja kumzika babu yako. Hakuniuliza mimi ni wa nchi gani. Aliniuliza tu kama nitalipa mpaka mwisho.

Mama yule na wenzake walikuja kusomea uuguzi. Wengi wa kizazi chao walisukumwa kwenye cheti cha ngazi ya chini ilhali walikuwa na sifa za kile cha juu, na cheti hicho cha chini hakikutambuliwa kwao Jamaica, kwa hiyo hata kurudi nyumbani kufanya kazi ileile kukawa kugumu. Walilijua hilo. Walilizungumza jikoni kwa sauti kali, kisha wakaingia zamu na sare zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Ukiwaona wakipita ukumbini ungejua mara moja maana ya mtu kujiheshimu mbele ya asiyemheshimu.

Sasa njoo jikoni, maana huko ndiko utakakoishi nao. Jumapili baada ya kanisa ni wali na maharage uliopikwa kwa tui la nazi, na ukiuonja utajua kwa nini sikuwahi kujiona mgeni mezani kwao. Wanachoita callaloo ni mchicha. Shelisheli wanalo, wanalichoma motoni kama Unguja. Pilipili yao ni ndugu wa pilipili mbuzi. Chakula chao cha taifa ni ackee na samaki wa chumvi, na tunda hilo la ackee asili yake ni Afrika Magharibi, lilivuka bahari enzi za utumwa. Krismasi wanakunywa juisi ya choya iliyotiwa tangawizi. Usipike kwa kukisia, mwanangu. Kaa na bibi, mwache akuongoze, umenye viazi vikuu na umsikilize. Habari za ukoo wao nyingi utazipatia kwenye sufuria kabla ya kuzipatia kwenye albamu za picha.

Na siku ukiitwa kwenye msiba, nenda. Wana mkesha wao wa usiku wa tisa tangu mtu afariki. Majirani wanakuja nyumba ya marehemu, nyimbo za kanisani zinaimbwa mpaka usiku wa manane, wazee wanapigiza domino mezani, samaki wa kukaanga anapita na mkate wao mzito. Mtu aliyezoea matanga ya kwetu haoni ajabu. Kwenye mikesha hiyo nilisikia vijana waliozaliwa Peckham, London, ambao kazini wanaongea Kiingereza cha televisheni, wakigeuka na kuongea patwa safi, lugha ya Kijamaika, na shangazi zao. Hakuna aliyewafanyia mtihani. Ilikuwa lugha ya kumlilia bibi.

Kuna upande mchungu pia, nawe uujue. Wengi walitangulia wakawaacha watoto kwa bibi kisiwani, wakawa wanatuma mapipa: nguo, viatu, sabuni, vyakula vya makopo. Wapo watoto waliomjua mama kwa harufu ya pipa likifunguliwa, na walipoitwa Uingereza baada ya miaka wakamkuta mgeni. Usishangae ukimwona bibi yake mchumba wako akinyamaza ghafla mazungumzo yakifika hapo.

Jambo jingine chungu linatuhusu sisi. Miaka nilipokuwa London, mtoto wa Kiafrika shuleni aliweza kutaniwa na wenzake wa visiwani kwa Uafrika wake, na baadhi ya Waafrika nao waliwasema Wajamaika maneno yasiyofaa. Hilo liliniuma sana, maana ni Mjamaika, Marcus Garvey wa St Ann's Bay, aliyejaza kumbi za Harlem, New York, akiwaambia watu weusi wasiionee haya Afrika. Alifia London mwaka 1940, na Jamaica huru ikaurudisha mwili wake mwaka 1964, ikamfanya shujaa wake wa kwanza wa taifa. Na Zimbabwe ilipopata uhuru Aprili 1980, aliyesimama jukwaani Harare alikuwa Bob Marley. Mkitaniana nyumbani kuhusu nani ni nani, mkumbushane hayo.

Vijana waliozaliwa Uingereza hawakurithi tu, waliongeza. Reggae ya Handsworth ina sauti yake. Jamaica ilipocheza Kombe la Dunia mwaka 1998, bao lake la kwanza kabisa lilifungwa na Robbie Earle, mzaliwa wa Uingereza. Na mwaka 2012 Usain Bolt alishinda mita 100 London tarehe 5 Agosti, kesho yake uhuru wao ukitimiza miaka 50. Rafiki zangu walinipigia simu huku Muheza wakilia na kucheka.

Kisha ikaja 2018. Dunia ikasikia kwamba wazee walioingia Uingereza utotoni kwa haki zao zote walikuwa wakipoteza kazi na matibabu, wengine wakirudishwa visiwani, kwa kukosa karatasi ambazo hawakuwahi kuambiwa watazihitaji. Kadi zao za kuingilia nchini, ambazo zingewasaidia, serikali ilikuwa imeziteketeza mwaka 2010. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mjukuu anaitundika bendera ya bibi ukutani. Ameona kwamba karatasi ya Uingereza inaweza kukuacha njiani.

Sasa hao wajukuu wangu. Jamaica inamruhusu mtu kuwa na uraia zaidi ya mmoja, na mtoto wa Mjamaika aliyezaliwa ng'ambo anaweza kuupata. Tanzania yetu kwa mtu mzima bado hairuhusu, jambo ambalo mimi naliona si la haki, na nimelisema mbele ya mbunge wetu. Lakini pasipoti isikunyime usingizi. Nimeshakuonyesha kwamba bibi yake alikuwa Mjamaika kwa kupika, kuzika, kukopeshana na kutuma pipa, miaka kabla ya kuwa na pasipoti ya kumwita hivyo. Kwa hiyo waongeleshe Kiswahili tangu siku ya kwanza, mimi nitawafundisha Kibondei kidogo, na baba yao awaongeleshe patwa. Usimwombe apunguze cha kwake ili cha kwako kipate nafasi.

Juu ya harusi, nipe namba ya simu ya bibi yake. Nataka tuzungumze wenyewe kwa wenyewe kabla ya mshenga kutumwa, nimweleze taratibu zetu naye anieleze zao. Muulize pia kama choya kavu inapita salama uwanja wa ndege, maana nimeshaanza kuikausha. Na ufanye haraka, baba zako wadogo wanaulizia mahari kila Jumapili nami sina la kuwajibu.

Mama yako akupendaye